Shotigani ya mkono wa pili hapa Tanga: bei ya haki inapigwaje?

Shamba_Muheza
Wakuu, nguruwe pori na ngedere wanamaliza mihogo. Kuna mwenye leseni Pangani anauza shotigani ya Baikal, mitutu miwili sambamba, saizi 12. Anataka 1,800,000, mpya ya aina hiyo nimetajiwa 3,000,000 dukani. Mbao zimepigwa vanishi upya, nje inang'aa. Hiyo bei ni halali?

FundiMitutu
Mkuu, vanishi mpya isikupumbaze, mara nyingi inafunika ufa. Bunduki nzima isiyo na kasoro mimi naianzishia 60% ya bei ya mpya, ndiyo hiyo 1,800,000 yake. Maana yake kila kasoro utakayoikuta ni punguzo, au sababu ya kuiacha.

Kwanza ifunguliwe, mhakikishe chemba zote mbili, pale risasi inapokaa, ni tupu. Kisha vua mbao ya mbele, funga mitutu, shika kitako kwapani na uitikise kushoto na kulia. Lazima mbao ivuliwe, kwa sababu ikiwepo inabana na kuficha ulegevu. Ikigonga hata kidogo, pini ya bawaba imelika. Angalia pia wenzo wa kufungulia: kwenye bunduki ambayo haijachoka husimama kulia kidogo mwa mstari wa katikati. Ukiwa umevuka kwenda kushoto, kufuli limelika. Kwa ulegevu huo usiombe punguzo, iache.

Sasa vua mitutu, uielekeze dirishani. Pete za mwanga utakazoziona ndani ziwe duara kamili. Pete iliyopinda ni bonde, yaani mtutu umebonyea, fundi hulinyanyua. Kivuli cheusi kinachozunguka mtutu wote ni uvimbe: iliwahi kupigwa huku mtutu umeziba kwa tope au kitambaa. Hapo hakuna bei.

Mwisho kagua ufa pale kitako kinapoingia kwenye chuma. Triga zijaribu kwa risasi bandia. Kupiga chemba tupu kunaweza kuvunja pini za kupigia.

Mzee_wa_Chumbageni
Naongezea kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Baikal nyingi zina kromu ndani ya mtutu, lakini kromu ikibanduka kutu hupita chini yake. Pitisha kitambaa chenye mafuta, kausha, ndipo utazame. Muuzaji akiacha mafuta mazito ndani, vishimo vya kutu havionekani.

FundiMitutu
Kweli mzee. Kwa vishimo napunguza 10%.

Mzee_wa_Chumbageni
Hapo sikubaliani nawe. Vishimo karibu na mdomo ni vya kusafisha tu. Vikiwa ndani ya chemba au mbele yake kidogo, presha ndiko iliko kubwa, na ganda hunasa. Vishimo vya hapo kwangu ni nusu bei, au hapana kabisa.

Shamba_Muheza
Asanteni wazee wangu. Risasi je, yoyote ya 12 inaingia?

FundiMitutu
Kuingia siyo kipimo. Soma chini ya mtutu: 12/70 ni chemba ya milimita 70. Bunduki kuukuu za Uingereza nyingi ni 65, na risasi ya 70 huingia humo kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikipigwa hukunjuka, hukosa nafasi, presha ikapanda.

Namba iliyo mwilini mwa bunduki ifanane na ya leseni ya muuzaji, na usilipe hata arubuni kabla polisi hawajaridhia uhamisho. Pesa ikitangulia, unaweza kubaki na bunduki usiyoruhusiwa kuishika.