Nimemkosea shemeji yangu kwa ajili ya Mahomes, nianzie wapi kuomba radhi?

MtuWaPhilly
Wakuu habari za wiki. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunishambulia.

Nipo Philadelphia mwaka wa tisa sasa, Eagles damu damu, ile timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani (NFL). Dada yangu kaolewa na jamaa ambaye alipoingia Marekani alifikia Kansas City, akakaa huko miaka mitano kabla ya kuhamia huku, kwahiyo yeye ni Chiefs, timu ya huko ambayo Patrick Mahomes ndo kwotabeki wao, yaani mrusha mipira. Na sio ule ushabiki wa kudandia timu inayoshinda, hapana, anasema wiki zake za mwanzo kazini alikuwa hajui mtu na Kiingereza kinamgomea, wenzake wakamvalisha jezi namba 15, ya Mahomes, wakamkalisha mbele ya TV wakawa wanamuelekeza mchezo kwa vidole. Ile jezi anaifua kwa mkono mpaka leo.

Sasa Jumapili ile ya tarehe 9 Februari 2025 walikuja kwangu kuangalia Super Bowl, ile fainali ya NFL, Eagles na Chiefs, tulikuwa watu kumi na mbili, pilau ipo, watoto wamejaa. Kilichotokea New Orleans mnakijua, tuliwachapa vibaya. Ilipofika ile intasepsheni (kudaka mpira wa mpinzani) ya Cooper DeJean wetu, Mahomes kakimbilia kulia akaachia mpira kuelekea katikati, dogo akaudaka akakimbia nao yadi 38 mpaka ndani, tena siku hiyo hiyo anatimiza miaka 22, mimi nikapanda juu ya kochi. Hapo bado ulikuwa utani, shemeji mwenyewe alicheka. Tunaenda mapumziko 24-0, Mahomes ana yadi 33 nusu nzima, ndo nikaanza. Kwotabeki wenu feki, alikuwa anabebwa na marefa, leo kavuliwa nguo. Kila akiangushwa namgeukia shemeji namuuliza, huyo ndo mfalme wako?

Ilipofika 34-0 nikatoa neno lingine. Nikasema ndo mlivyo watu wa Kansas City, mkibanwa mnakimbia, hata wewe si ulikimbia. Wakuu, shemeji alihama kule baada ya kupoteza kazi na kila mtu pale sebuleni anajua. Ikabaki TV inaongea peke yake. Akaweka sahani chini nusu haijaliwa, akambeba mtoto wake aliyekuwa kalala, akasema asante kwa chakula, wakaondoka.

Tunafanya kazi ghala moja na gari ni la kwake. Jumatatu nilijua haji. Saa kumi na moja alfajiri nachungulia dirishani, gari ipo nje inanguruma, kioo cha upande wangu keshakipangusa barafu. Dakika 35 mpaka kazini hakusema neno. Jumanne vile vile.

Maswali yangu mawili. Naanzaje kumuomba radhi asione namkejeli tena? Na pili, hivi niliyoyasema kuhusu Mahomes yalikuwa kweli au nilimsingizia?

laini_ya_mbele
Nianze na la pili. Rudia kuangalia ile mechi ila usimtazame Mahomes, tazama watu watano waliosimama mbele yake, ndo ukuta wa kumlinda. Vic Fangio, kocha wa difensi ya Eagles siku hiyo, hakutuma blitzi (kuongeza watu wa kumvamia kwotabeki) hata moja mechi nzima. Wanne tu ndo walikuwa wanaingia, saba wamebaki nyuma wanakaba, na hao wanne walitosha. Josh Sweat wa Eagles seki (kumwangusha kwotabeki) mbili na nusu, mwenzake Milton Williams mbili. Jumla Mahomes kaangushwa mara 6, alikuwa hajawahi kuangushwa hivyo maisha yake yote ya NFL. Na kule kushoto kwa ukuta wa Chiefs alikuwa Joe Thuney ambaye kazi yake ilikuwa gadi (mlinzi wa ndani ya ukuta), wamemsogeza nje kucheza takle (mlinzi wa pembeni) kwa sababu hawakuwa na mtu. Wanne wanakufikia kabla hujahesabu tatu na wapokeaji wako wanakabwa na saba, utarusha wapi?

Kwahiyo ulimsingizia. Na mbaya zaidi umewanyima sifa watu wako mwenyewe, difensi yako imecheza mechi ya kukumbukwa miaka na miaka halafu wewe unahubiri marefa.

Kaka_Mkubwa_KE
Mimi niko Texas, ni Cowboys, nyinyi wote siwapendi 😂 lakini hii ni ile ile Super Bowl ya Tampa 2021. Chiefs walilala 31-9, takle zao mbili za kawaida, Fisher na Schwartz, zote nje na majeraha, jamaa anakimbizwa uwanja mzima. Ukimvunjia ukuta huyo boy anaonekana wa kawaida, ukimpa ukuta anakumaliza. Super Bowl ya 2023 alikuwa amepewa, na aliwafanya nini nyie Eagles pale Arizona? 38-35. By the way hebu nikuulize bro, siku hiyo huyo shemeji yako alikuambia nini?

MtuWaPhilly
@Kaka_Mkubwa_KE umenigusa pabaya. Alikuwa bado anaishi Kansas City. Nje kwao honi zinalia mpaka nazisikia kwenye simu, yeye kanipigia akasema pole shemeji, mchezaji bora uwanjani leo alikuwa Hurts, kwotabeki wenu, kombe tumechukua sisi ila bora ni wa kwenu. Nilikuwa nimeshasahau kabisa.

Mzee_wa_Kurasini
Mi niliamka saa nane na nusu usiku hapa Dar kuangalia hiyo mechi na kazini niliingia macho mekundu, sasa nasoma hili la simu ya 2023 nimeumia mimi. Mpigie leo leo.

yadi_kumi
Naomba nipingane kidogo na laini_ya_mbele, tusimsafishe mtu kupita kiasi. Ile ya DeJean ilikuwa jaribio la tatu na bado yadi 16 za kwenda, Mahomes ametoka kuangushwa mara mbili mfululizo, hapo kwotabeki mkubwa anautupa mpira nje mnapiga panti (kuupiga mpira mbali kwa mguu) mnajipanga upya. Yeye alilazimisha. Ile aliyodaka Zack Baun wa Eagles nayo hivyo hivyo, wako karibu na goli lao na bado anarusha, mara 24-0. Na watu wasidanganywe na karatasi, yadi 257 na tachidauni (mabao) tatu, zote tatu zimekuja mechi imeshafika 34-0. Alicheza vibaya, na mwenyewe alikubali kwamba mipira aliyopoteza ni kosa lake. Ila kucheza vibaya siku moja na kuwa feki ni vitu viwili tofauti, bwana ana makombe matatu.

mama_Rehema
Kaka zangu mmeongea mpira mpaka mmesahau mwenye uzi ana shida. MtuWaPhilly, shemeji yako hakuondoka kwa sababu ya Mahomes. Aliondoka kwa sababu ulimvua nguo mbele ya mkewe na watoto kwa kitu alichokueleza kama ndugu, na ukweli ni kwamba hakukimbia, alihamisha familia atafute kazi. Kwahiyo ukienda kumuomba radhi usianze na takle wala nini, atajua unakwepa. Taja lile neno lenyewe ulilosema. Na kama walisikia kumi na mbili basi radhi nayo isikiwe na hao hao, usiimalize ndani ya gari mkiwa wawili. Mtu anayekupangusia kioo alfajiri ana hasira na wewe lakini hajakuacha.

laini_ya_mbele
Mama Rehema kamaliza. Takle zingoje.

MtuWaPhilly
Nimerudi wakuu, leo Alhamisi. Jana sikuweza. Leo tumefika mataa ya mwisho kabla ya geti nikamwambia shemeji, lile neno la kukimbia nililisema mimi na ni uongo, wewe hukukimbia, naomba unisamehe. Hakunijibu. Mataa yamewaka kijani, gari ya nyuma inapiga honi, yeye kashika usukani tu. Akasema, ningejua unaniona hivyo nisingekuwa nakupitia. Nikasema sikuoni hivyo. Akaendesha.

Tumepaki, nimeshika mlango nishuke, ndo akasema bila kunitazama: Thuney hakutakiwa kuwa pale nje, gadi yule. Nikamwambia najua, nimerudia kuiangalia. Akazima gari tukaingia.

Jumamosi nimewaita wote tena, wale wale, mke wangu anapika. Dada kasema watakuja. Nitasimama niseme kabla chakula hakijapakuliwa.