Nilikula hela ya mkopo wa vijana, leo nasimama kanisani nasema viongozi wezi. Toba yangu inaanzia wapi?

Kijana wa Makorora
Wakuu habari za jioni, niko Tanga hapahapa mjini, hili jambo nimelizungusha kichwani wiki tatu usingizi wenyewe hauji vizuri, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanivaa.

2021 tulikuwa vijana kumi, tukasajili kikundi cha bodaboda tukaomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za akina mama nne za vijana mbili za wenye ulemavu, haina riba hata senti. Tukapewa milioni 8. Andiko letu lilisema pikipiki tatu, tukanunua mbili kwa milioni 2 na laki 6 kila moja, iliyobaki tukagawana laki 2 na elfu 80 kila mtu. Risiti ya pikipiki ya tatu niliitafuta mimi, katibu nilikuwa mimi na mwandiko kwenye muhtasari ni wangu. Rejesho tulipeleka milioni 1 na laki 2 basi, ikabaki milioni 6 na laki 8. Pikipiki moja ikapata ajali pale Kange, ya pili tukaiuza. Aprili 2023 serikali iliposimamisha ile mikopo nchi nzima tulishangilia, tukasema imeisha hiyo, na mimi ndo nilikuwa wa kwanza kusema hela ya serikali ni kodi zetu wenyewe, wakubwa wanapiga mabilioni nani anawadai.

Sasa mimi ni Mlutheri na niko kwenye umoja wa vijana kanisani. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa na mada ya Mkristo na siasa nikapewa dakika kumi. Niliwaka. Nilisema wanaokula hela za umma wanakula dawa za wagonjwa na madawati ya watoto, watu wakapiga makofi. Mweka hazina wa kile kikundi chetu alikuwa benchi la tatu. Hakupiga makofi, aliniangalia tu halafu akainama akawa anachezea funguo za nyumba, anazipitisha moja moja kwenye kidole. Nilimaliza kwa sauti ya kukwaruza nikakaa.

Na kuna hili linaloniuma kuliko hata hilo, kuna binti jirani yangu fundi cherehani, mikopo iliporudi yeye na wenzake wanne waliomba, wakaambiwa ofisini vijana wa mtaa wenu wanakula hawarejeshi, wakahojiwa mpaka binti akarudi analia. Alikuja kunisimulia mimi, amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Hajui hao vijana ni nani.

Nimeshatubu kwa Mungu chumbani, nimelia kweli. Inatosha? Na je nina mdomo tena wa kusema habari za viongozi au ndo ninyamaze maisha? Nawasilisha.

Mwana Ngamiani
Kaka pole lakini acha kujitesa. Mimi naona hii dini ya kila mtu ajichunguze nafsi yake inahubiriwa sana kwa maskini. Mlala hoi akila laki 2 anaambiwa toba, aliyekula kubwa anakaribishwa kuchangisha harambee ya kanisa anakalishwa kiti cha mbele na kwaya inamwimbia. Azimio la Arusha 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupangisha nyumba, kupokea mishahara miwili, wakaja kulilegeza Zanzibar 1991, nani kati yao alisimama akasema tumekosa? Wewe umekula sawa, ila umekulia ndani ya nchi ambayo mfumo wenyewe unakufundisha kula. Na hilo deni ni la kikundi si lako peke yako, ukienda kulipa wewe wale tisa watakucheka mchana kweupe. Mpaka waanze wa juu.

Mama Vikoba Pongwe
Mwanangu mimi nakusemesha kama mama. Sisi tulichukua mkopo huo huo wa akina mama, tuko kumi, wawili wakatoroka na mitaji yao mmoja kahamia Dar hata simu hapokei. Wanane tuliobaki tulilipa mpaka ya wale wawili, mimi nilikuwa nakuna nazi saa kumi alfajiri nauza vitumbua mpaka saa mbili naingia shambani kwa watu, mwezi wa mwisho niliuza kitenge nilichopewa siku ya harusi ya mwanangu. Sasa wewe ukisema hela ya serikali mimi nasikia hela yangu, maana ile inayorejeshwa ndiyo anayopewa mwenzio anayefuata, haitoki mbinguni.

Huyo Mwana Ngamiani anasema deni ni la kikundi. Wagalatia sita mstari wa pili unasema mchukuliane mizigo, halafu mstari wa tano hapohapo unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mimi zamani nilidhani inajipinga. Nilipokuwa nalipa ya wale wawili ndo nikaelewa, mzigo wao nimebeba, ila furushi lao liko kwao hukohuko waliko wala siwezi kuwabebea. Wewe risiti uliitafuta wewe baba. Hilo furushi lako.

Bint Chumbageni
Samahani nimeingia mada ya Wakristo mimi Muislamu, ila Tanga hii tunazikana sote. Kwetu kabla maiti haijaswaliwa anasimama mtu wa familia anasema anayemdai marehemu ajitokeze, deni lihamie kwetu, na mirathi haigawanywi mpaka madeni yalipwe. Nilikuwa mdogo baba alipofariki, mzee mmoja muuza samaki akajitokeza na kidaftari kimelowa maji ya chumvi, alikuwa anadai kidogo sana, kaka yangu akamlipa palepale mbele ya watu na mzee akalia. Naona unaweza usingoje mpaka wakusemee wengine mkuu.

Mzee wa Muheza
Vijana mimi nimekua enzi za TANU, ahadi za mwanachama tulizisema kwa sauti tumesimama. Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Hata ukatibu wa kikundi cha watu kumi ni cheo, kijana wangu.

Mwana Ngamiani umeuliza nani wa juu aliwahi kusimama. Yupo. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa waziri wa mambo ya ndani, watuhumiwa wakafia mikononi mwa polisi kule Shinyanga mwaka 1976. Yeye hakuwa Shinyanga, hakumgusa mtu, na mwaka 1977 akaandika barua ya kujiuzulu kwa sababu wizara ilikuwa yake. Tulijua amekwisha kisiasa. 1984 akawa rais wa Zanzibar, 1985 akawa rais wa nchi nzima. Ukinijibu huyo ni mmoja tu nitakubali kwamba ni wachache, tena wachache mno, lakini hakungoja wa juu yake aanze.

Ningependa kanisa nalo lijibu hilo la kiti cha mbele. Hapo umesema kweli tupu na mimi limenichoma, maana nimekaa baraza la wazee miaka mingi na bahasha za namna hiyo tumezipokea bila kuuliza zimetoka wapi.

Mwinjilisti mstaafu
Bwana asifiwe. Ndugu mleta mada umeuliza kama toba ya chumbani inatosha, nakujibu haijamaliza. Zaburi 37:21 inasema asiye haki hukopa wala halipi, Biblia haikuzungusha maneno. Soma Walawi sura ya 6, aliyemdhulumu mwenzake anarudisha kitu kamili anaongeza na sehemu ya tano, anampa mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka ya hatia. Sadaka peke yake hapana. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, mtu wa mfumo hasa, mfumo wa Warumi ulimruhusu kuchuma, Luka 19 hatusomi akisema mfumo ndo ulinifundisha. Alisimama akasema nusu ya mali kwa maskini na aliyenyang'anywa kwa hila arudishiwe mara nne. Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Sasa la kunyamaza. Usinyamaze! Luka 3 Yohana Mbatizaji anawaambia watoza ushuru msitoze kupita mlivyoamriwa, anawaambia askari msidhulumu mtu mtoshewe na mishahara yenu, hao ni watu wa chini na wa kati, na sura hiyohiyo anamkemea Herode mtawala na akafungwa gerezani kwa hilo. Mdomo mmoja ulisema na wote. Hakumwambia askari subiri kwanza Herode aache ndo na wewe uache, wala hakumwacha Herode kwa sababu askari nao wanadhulumu. Mwana Ngamiani mwanangu hasira yako ni ya haki, ila umeifanya mwamvuli wa rafiki yako.

Jambo la vitendo, ile risiti ni kosa la jinai usilichukulie kirahisi, kabla hujakwenda kukiri kwa maandishi zungumza na wasaidizi wa kisheria, na usiende peke yako, nenda na mtu mzima. Kulipa deni lakini unaweza kuanza hata kesho.

Mwana Ngamiani
Mzee wa Mwinyi umenikamata, hiyo sikuwa naijua vizuri. Bado nasema na wakubwa wadaiwe vilevile sirudi nyuma hata hatua, ila mama wa vitumbua umeniuma. Mimi nilikuwa kwenye kikundi kingine, cha kufuga kuku. Kuku wenyewe hawakuwahi kuwepo. Sijawahi kulisema hili popote.

Kijana wa Makorora
Wakuu nimerudi, nimewasoma wote nimerudia mara mbili, mama wa Pongwe shikamoo.

Juzi nilikwenda ofisi ya kata kwa afisa maendeleo ya jamii, nikamwambia naomba kontrol namba ya kikundi fulani nataka kulipa. Akaniangalia akauliza nani kakutuma. Nikasema hakuna. Akatafuta faili kabatini muda mrefu, likatoka lina vumbi nikauona mwandiko wangu pale juu. Nimelipa laki 1, sehemu yangu ni laki 6 na elfu 80, nimejipangia elfu 40 kila mwezi na ile ya tano ya Walawi nitaiweka mwisho nikimaliza. Wale wengine nimewaandikia kwenye grupu la zamani, watatu wametoka kwenye grupu, wanne wamesoma kimya, mmoja kanitukana.

Binti wa cherehani nilimwita jana nikamwambia ni mimi. Alikaa kimya, akakunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi akakikunjua akakikunja tena. Akasema basi Jumatatu twende wote ofisini ukawaambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Nimekubali. Mwinjilisti nimefanya ulivyosema kuhusu risiti, nimeonana na msaidizi wa kisheria kanipa mtu wa kwenda naye. Umoja wa vijana nimewaomba dakika tano Jumapili ijayo, nitasema yaleyale ya viongozi maana bado ni kweli, ila nitaanza na milioni 8.

Mweka hazina kanipigia sasa hivi kabla sijatuma hii. Kasema ana laki 1 na nusu, niandikie hiyo namba ya malipo, na Jumatatu atanipitia saa mbili asubuhi.