Huyu Tudor alikipataje kiti cha Uingereza? Nimeaibika mbele ya mgeni

PundaWaMkomani (Lamu)

Assalamu alaykum. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Amu, na juzi mzee mmoja wa Kizungu amenitia haya mpaka nimekuja kuuliza.

Yeye na mkewe ni watu wa Leicester. Tulitoka ngomeni tukaenda kwa miguu hadi Shela, na kwenye vile vilima vya mchanga nikawapa hadithi yangu ya siku zote: jinsi Wapate na Wamvita walivyokuja kutupiga, maji yakatoka, vyombo vyao vikakwama pwani, na mifupa yao ikawa yafukuka kila upepo ukivuma. Mzee akasikiliza kwa adabu. Akasema hata kwao kulikuwa na mfalme aliyepotea ardhini, wakamfukua mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Mimi kwa kujitia mjuzi nikadakia, "Ah, Tudor, wale wafalme wenu wa asili!" Mzee akacheka hadi akakaa chini mchangani.

Kumbe aliyefukuliwa ni Richard III, na Henry Tudor, yaani Henry VII, ndiye aliyemwondoa. Tena babu yake huyo Tudor alikuwa mtumishi tu katika nyumba ya malkia! Akanichorea nasaba yote nyuma ya risiti ya juisi ya ukwaju. Risiti nikaitia mfukoni, shati likafuliwa, nasaba ikawa donge.

Sasa nauliza. Mjukuu wa mtumishi anakaaje juu ya kiti? Wenye haki zaidi yake walikuwa wapi? Nijibuni kwa lugha ya barazani, si ya mtihani. Wageni wako hadi Jumamosi.

MaalimMstaafu (Malindi)

Wa alaykum salaam. Usijione mjinga, kijana. Wengi wanadhani hao Tudor walikuwepo tangu Nuhu.

Anza na jina. Watu wa Wales wakati huo hawakuwa na jina la ukoo, walikuwa na "ap", ambayo ndiyo "bin" yetu. Babu aliitwa Owain ap Maredudd ap Tudur. Yaani Owain bin Maredudd bin Tudur. Waingereza walipomwandika wakaokota jina la babu yake wakaliacha la baba. Wangeokota lile jingine, leo mzee wako angekuchekea habari za wafalme wa Meredith.

Mfalme Henry V alifariki mwaka 1422 akamwacha mjane kijana, Catherine, binti wa mfalme wa Ufaransa. Owen alikuwa akitumika nyumbani kwa huyo mjane. Wakaoana kimyakimya, wakazaa. Kwa hiyo watoto wa mtumishi wakawa ndugu wa tumbo moja na mfalme mpya, Henry VI, naye hakuwatupa: Edmund akamfanya bwana wa Richmond, Jasper bwana wa Pembroke. Ila tazama vizuri. Damu ya kifalme waliyokuwa nayo ni ya Ufaransa. Kwa Uingereza haikumpa mtu hata kigoda.

Haki yenyewe, kama ni haki, ilipitia kwa mke wa Edmund, Margaret Beaufort. Hawa Beaufort ni kizazi cha John of Gaunt, mtoto wa Edward III, aliowazaa na kimada wake Katherine Swynford. Baadaye alimwoa, na mwaka 1397 watoto wakahalalishwa mbele ya bunge. Kisha mwaka 1407 Henry IV akachomeka maneno machache: wamehalalishwa kwa kila jambo, isipokuwa ufalme. Mtoto wa Edmund na Margaret, Henry Tudor wetu, alikuja na karatasi hiyo mkononi, yenye tundu katikati.

Wenye haki zaidi? Waliuana. Lancaster na York, matawi mawili ya ukoo wa kifalme, Henry VI akiwa wa Lancaster, walipigana miaka thelathini, kukatika na kuunganika. Owen mwenyewe alikatwa kichwa Hereford mwaka 1461. Mei 1471 mtoto wa pekee wa Henry VI akauawa Tewkesbury, na mfalme akafia kifungoni London siku chache baadaye. Upande wa Lancaster ukabaki na kijana wa miaka 14, ambaye ami yake Jasper alimtia chomboni pale Tenby wakakimbia.

Halafu York wakajila wenyewe. Mfalme wao Edward IV alikufa Aprili 1483, wanawe wawili wadogo wakaangukia mikononi mwa ami yao Richard, ndiye huyo Richard III, ami akatwaa kiti, watoto wakaingia Mnara wa London wasionekane tena. Hapo ndipo watu wa York, si wa Lancaster, walipoanza kuvuka bahari kwenda kumtafuta Tudor. Bila hao angezeekea ugenini.

BintiWaLangoni (Lamu)

Maalim shikamoo, lakini umemtaja mama kwa mstari mmoja ukapita zako. Ndio desturi yenu.

Margaret aliozwa ana miaka 12. Mumewe Edmund akafa kwa tauni Novemba 1456, akamwacha na mimba. Akajifungua tarehe 28 Januari 1457 katika ngome ya Pembroke, mjane wa miaka 13, na hakupata mtoto mwingine maisha yake yote ijapokuwa aliolewa tena. Mimi nina binti wa miaka 13. Juzi alikuwa analia kwa kukosa chaja.

Sasa mtazame mwaka 1483. Mwanawe yuko uhamishoni Brittany, jirani ya Ufaransa, iliyokuwa na mtawala wake. Mjane wa Edward IV, Elizabeth Woodville, amejificha kanisani Westminster pamoja na binti zake. Wanawake hawa wawili hawawezi kuonana, maana kila mlango una macho. Lakini wote wanatibiwa na tabibu mmoja, mtu wa Wales, Lewis wa Caerleon. Tabibu anaingia huku na mkoba wake, anatoka, anaingia kule, nani atamuuliza? Sisi tuliokulia nyumba za mawe tunalijua jambo hilo. Nyanya yangu alikuwa akivuka wikio, lile daraja la juu kati ya nyumba mbili, kwenda nyumba ya pili, na wanaume waliokaa chini njiani hawakujua kama ametoka. Tabibu yule ndiye aliyekuwa wikio lao.

Wakakubaliana: mwana wa huyu amwoe binti wa yule. Krismasi ya mwaka huo Henry akaapa mbele ya watu katika kanisa kuu la Rennes kwamba atamwoa Elizabeth wa York. Ndipo watu wa York wakapata sababu ya kumfuata.

NahodhaAsiyeNaChombo (Malindi)

Mimi nasema upepo. Mwaka 1471 Henry na Jasper walikuwa wakielekea Ufaransa, dhoruba ikawatupa Brittany. Mwaka 1483 akajaribu kurudi na merikebu, dhoruba ikazitawanya, akageuza, na kugeuza kukamwokoa kwa sababu wenzake bara walikuwa wameshashindwa. Mara ya tatu, tarehe 1 Agosti 1485, akang'oa nanga mdomo wa mto Seine, upepo laini wa kusini, tarehe 7 yuko Milford Haven. Watu wapatao 2,000, wengi Wafaransa wa kulipwa. Kusi likimtaka mtu limemtaka.

PundaWaMkomani (Lamu)

Nawashukuru nyote. Bi, ile ya wikio nitaiiba.

Maalim, hii yanikumbusha Mnabahani wa kwanza kutawala Pate. Khabari za Pate, ile tarikhi ya kale, zasema alikuja kutoka Omani akamwoa binti wa mfalme wa Kibatawi, akapewa ufalme. Ndiyo yayo hayo? Na hivyo vita vyenyewe vilikuwaje?

MaalimMstaafu (Malindi)

Bi Langoni, marahaba, nimekubali kosa.

Kijana, kwa Mnabahani umelenga, ila Henry alikuwa mjanja zaidi. Hakutaka iandikwe kwamba amepewa na mke. Alitawazwa tarehe 30 Oktoba 1485, bunge likamthibitisha, na ndoa ikangoja hadi tarehe 18 Januari 1486. Mke hakuvishwa taji mpaka Novemba 1487, ameshazaa.

Vita vilikuwa Bosworth, tarehe 22 Agosti 1485. Richard alikuwa na watu wengi zaidi. Lakini pembeni wamesimama akina Stanley na majeshi yao, hawajasema wako na nani. Lord Stanley ndiye mume wa mwisho wa Margaret, baba wa kambo wa Henry. Richard alilijua hilo, na alikuwa amemshika mtoto wa Stanley rehani. Bado wakasimama tu, wanatazama. Richard alipoiona bendera ya Henry akatimua farasi kumwendea yeye mwenyewe, akamuua mshika bendera, akabakisha hatua chache. Ndipo William Stanley, ndugu yake Lord Stanley, akaingia upande wa Henry, na Richard akauawa. Maiti yake ikavuliwa nguo, ikalazwa juu ya farasi kama punda wenu wanavyobebeshwa mchanga, ikapelekwa Leicester. Walipomfukua, uti wa mgongo ulikuwa umepinda na fuvu lina majeraha kadhaa. William Stanley huyohuyo alikatwa kichwa na Henry mwaka 1495 kwa kushukiwa uhaini. Hiyo mwambie mgeni polepole.

Lakini lililonishika mimi ni tarehe. Henry aliandika kwamba ufalme wake ulianza tarehe 21 Agosti. Vita ni tarehe 22! Yaani siku moja kabla, Richard akiwa hai na taji lake kichwani, mfalme tayari ni Henry. Kwa hiyo kila aliyempigania Richard kesho yake akawa mhaini, na mali ya mhaini huchukuliwa.

Nikifundisha hilo darasani nilikuwa nasimama kidogo. Marehemu baba alikuwa na shamba kaskazini ya Malindi, mikorosho kumi na moja aliyoipanda kwa mkono wake. Wazee walimwandikia barua ya shamba siku ya Jumatatu. Miezi ikapita, akaja mtu na karatasi yake, ya Jumamosi iliyotangulia. Maandishi yote ya wino wa buluu, tarehe peke yake ya wino mweusi. Ofisini wakaitazama, wakatutazama, wakagonga muhuri. Baba hakuwa na bunge.

Henry akakaa miaka 23 na ushei. Vasco da Gama anatia nanga hapa kwetu Aprili 1498, yeye bado yuko kitini, anahesabu pesa.

BintiWaLangoni (Lamu)

Na mama akamzika mwanawe. Henry alifariki Aprili 1509. Margaret akaishi hadi kuona taji la mjukuu, Henry VIII, mwezi Juni, akafa siku chache baadaye.

PundaWaMkomani (Lamu)

Nimerudi. Leo tulikuwa jahazini kwenda Manda, nikamwambia mzee ile ya "ap" na "bin", akaifurahia. Ya tarehe 21 hakuwa ameisikia, na yeye amezaliwa kulekule! Mkewe akauliza habari za shamba, je, mlirudishiwa? Nikamjibu ningoje nimuulize mwenyewe.

MaalimMstaafu (Malindi)

Hatukurudishiwa. Mwambie mikorosho saba bado ipo. Naiona nikipita na matatu, upande wa kushoto.