Tabora hadi Kigoma kwa pikipiki: tulimwacha mwenzetu njiani, sasa tunataka kwenda tena na yeye hataki

Wa_Isevya

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaosafiri na pikipiki kwa kundi, hasa hii njia yetu ya Tabora Kigoma.

Agosti 2019 tulitoka watu sita, pikipiki sita, wote tunajuana tangu msingi. Tumeanza Tabora mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huku kwetu saa hizo bado kuna kiza na baridi ya kiangazi inaingia mpaka kwenye magoti. Urambo tukanywa chai na mihogo, Kaliua tukajaza mafuta, hadi hapo raha tupu. Mbele ya Kaliua ndio tukakutana na vumbi, na kwenye pori mbung'o, wale wanafuata chombo kinachotembea alafu ukisimama tu wanakuchoma hata juu ya koti. Nguruka tukala wali samaki, tukavuka Malagarasi pale Daraja la Kikwete, maji yametulia na mafunjo kila upande mpaka macho yanachoka, tukapiga picha sita zote tumo wote.

Baada ya daraja ndio tukaharibu. Kipande kile kuelekea Uvinza wakati huo kilikuwa vumbi, na aliye mbele hali vumbi, kwaiyo sisi wenye pikipiki kubwa tukafungua mafuta. Mwenzetu mmoja alikuwa na cc 125 na ndio kabeba mahema, akabaki wa mwisho. Tumefika Uvinza kama saa kumi, tukakaa kivulini na soda, tukahesabu tuko watano, mtu akasema anakuja huyo. Mtandao njiani hamna. Tukakaa saa nzima na nusu wakuu, hakuna aliyegeuza pikipiki.

Kumbe tyubu ya nyuma ilimkatikia kwenye valvu, hapo hata kiraka hakishiki, na tyubu za akiba zote mbili zilikuwa kwenye begi langu mimi niliyekuwa mbele. Aliyesimama naye ni mzee mmoja alikuwa anapita na baiskeli ya mkaa. Wakafungua tairi, wakakata nyasi kavu pembeni ya barabara, wakazishindilia ndani kwa bisibisi kidogo kidogo mpaka tairi likashiba, akaja hivyo hivyo gia ya pili hadi Uvinza. Lile tairi nalikumbuka mpaka leo, majani yametokeza pembeni ya rimu kama kiota. Tulipoliona tukacheka, wote watano. Yeye hakucheka. Alinawa mikono, vidole vimechubuka vyote, akaomba tyubu akafunga mwenyewe bila kuongea na mtu.

Kigoma tumeingia usiku, na kule jua linachelewa, linazama karibu saa moja. Kesho yake tukaenda Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, tukaenda bandarini kuiona meli ya Liemba, kila picha yeye kasimama pembeni.

Sasa tunapanga tena mwezi wa nane. Kila nikimgusia anajibu "nendeni tu". Mnapangaje msafara ili mtu asiachwe? Na huyu nimwambie nini? Bila yeye mimi hii safari siioni.

FundiUrambo

Mkuu pole. Mimi nianze na tyubu maana hiyo nazifunga kila wiki. Valvu haikatiki hivi hivi. Ukipakia mzigo nyuma na upepo ukawa mdogo, tairi linateleza juu ya rimu kila ukikaza mafuta au breki, linaivuta tyubu, valvu imeshikwa na tundu la rimu haiwezi kwenda, inakatika shingoni. Ile nati ya valvu watu wanaikaza mpaka chini kwenye rimu wakidhani ndio usalama, usifanye hivyo, iache juu karibu na kifuniko, basi kila mkisimama unaangalia, ukiona valvu imelala pembeni ujue tairi limeshateleza, jaza upepo na uinyooshe kabla haijakatika. Yule mwenye mahema alitakiwa aongezewe upepo toka Tabora na kuangaliwa pale Nguruka.

La pili, spea, pampu na spana zinakaa kwa wa mwisho. Siku zote. Wa mbele akiharibikiwa, wa nyuma atamkuta tu. Wa nyuma akiharibikiwa, wa mbele hana habari. Na aliyebeba mzigo mzito asiwe mwenye injini ndogo, hapo mlimwonea kabisa ndugu yenu, sikufichi.

Mtemi_wa_Barabara

Nakazia hapo kwa fundi. Hii njia mliyopita babu zetu waliipita kwa miguu na pembe mabegani, Tabora hadi Ujiji, hata Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, waliofika Ujiji Februari 1858 walipelekwa na msafara wa namna hiyo. Na msafara ulikuwa na kirangozi mbele anayeijua njia, alafu wanyampara wanatembea nyuma kuangalia nani kachoka na nani katua mzigo. Watu hodari hawakukaa wote mbele. Nyinyi mlikuwa na kirangozi watano na mnyampara hamna.

Sisi tunafanya hivi, mwenye pikipiki ndogo anatangulia, mwendo ni wake, mwenye nguvu na uzoefu anafunga mkia. Kila mtu ana kazi moja, kumwona aliye nyuma yake kwenye kioo. Usipomwona unapunguza, bado humwoni unasimama, na wa mbele yako naye hakuoni atasimama, kwaiyo ndani ya dakika chache msafara mzima umesimama wenyewe bila simu. Kwenye vumbi acheni nafasi kubwa ila taa ziwake mchana kutwa, taa inaonekana hata pale mtu haonekani.

Gungu_2

Sita ni wengi. Gaweni wawili wawili, kila mtu ana pacha wake, pacha akisimama kukojoa na wewe unasimama. Sisi Kigoma Kasulu tunaenda hivyo.

BintiUjiji

Nimesoma yote, nimesoma tena ya kaka mwenye mada. Kaka, naona unauliza mpango wa msafara, na wenzangu wamekujibu vizuri, lakini sijaona mahali umeandika kwamba mlimwomba radhi. Miaka yote hiyo. Mtu kakaa porini na mbung'o, jua linashuka, hajui kama mnarudi au hamrudi, kafika mnamcheka. Hilo tairi ameshalisahau, kicheko ndio hajakisahau. Usimtumie meseji, usimwite kijiweni mbele za watu. Nenda kwake, kaa, kunywa chai yake, mwambie tulikukosea na mimi nilikuwa na tyubu kwenye begi. Mambo ya mwezi wa nane usiyataje kabisa siku hiyo.

Wa_Isevya

Dada BintiUjiji hapana, hatukumwomba. Tulichukulia yameisha kwa sababu hakugomba. Asante, nimekaa na hili neno lako toka juzi.

Wa_Isevya

Wakuu narudisha mrejesho. Nimeenda kwake jumapili baada ya kanisa. Nimemwambia kama dada alivyosema, tyubu ilikuwa kwangu na sikugeuza. Alinyamaza muda, alafu akaanza kunihadithia yule mzee wa mkaa, kumbe alimwachia maji yake yote ya kunywa kwenye kidumu, akamwambia usimalize nguvu kusukuma, kaa hapa nakata majani. Sikuwahi kujua kuna maji, hatukuwahi kumuuliza. Anasema akipita tena njia ile anataka kuulizia vijiji vya pale amtafute.

Safari sikuitaja kama nilivyoambiwa, yeye ndio aliuliza mnatoka lini. Nikamweleza ya kirangozi na mkia, kwamba yeye mbele, mimi mwisho na begi la spea, mahema nabeba mimi. Akauliza nati ya valvu unaijua inavyokaa? Nikamwambia nimefundishwa. Amesema atakuja mpaka Urambo kwanza, akiona watu wameanza kukimbizana anageuza anarudi Tabora.

FundiUrambo, tukifika hapo tutakutafuta utuangalie upepo.