Umeinua kiwanja, umetandaza kabro ua mzima, sasa maji yako yalale kwangu?

Jamani wana jukwaa, leo adabu imenipungukia, mnivumilie.

Kuna mtindo umeingia huku kwetu Mombasa, kuanzia Mishomoroni mpaka Kiembeni na Utange. Mtu ananunua ploti, analeta malori ya kifusi, anainua kiwanja hadi kinalingana na dirisha la jirani, anazungusha ukuta wa mawe, kisha anatandaza kabro, yale matofali ya zege ya kusakafia ua, kutoka getini hadi mlango wa jikoni bila kuacha hata pa kupanda mpapai. Akimaliza, anatoboa matundu chini ya ukuta ili maji yatoke. Yatoke yaende wapi? Kwangu!

Mvua hii ya masika imenimaliza. Maji ya paa lake yakichanganyika na ya kabro zake yanapita kwenye yale matundu kwa kasi, yanakula msingi wa jiko langu na kujaza shimo la choo. Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo usiku inabidi tumbebe kumpeleka chumba cha mbele. Nikamwendea jirani kwa heshima, nikamsalimu, nikamweleza. Jibu alilonipa: "Kijana, maji yanafuata mteremko." Mteremko si umeutengeneza wewe, mzee wangu! Zamani maji yalikuwa yakipita katikati ya ile ploti yako, yanashuka polepole kwenye majani mpaka kwenye mikoko. Ukaweka ukuta palepale njiani.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita kumi kwa kumi, ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, ambazo mwezi wa tano hapa Mombasa si ajabu, ni lita 5,000. Madumu 250 ya lita ishirini! Hapo sijagusa kabro. Na bwana huyu huyu, kiangazi kikikaza, ananunua maji ya mkokoteni kama sisi sote. Hana tangi la kuvunia mvua. Gata zake zinamwaga moja kwa moja kwenye kabro, kabro zinanimwagia mimi.

Mtaro wa barabarani nao usiseme. Mkandarasi alikuja, akachimba, akamwaga zege safi kabisa, akaishia katikati ya mtaa. Haukuunganishwa na chochote, wala haufiki kwenye krik, ule mkono wa bahari. Ni birika refu lililojaa chupa na makumbi ya madafu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini chupa zimeshika zamu vizuri tu.

Sasa wanaokuja kuniambia "na wewe inua chako, mwaga zege" wakae kando. Nikiinua, maji yatamwendea bibi wa nyumba ya chini, naye hana hata mtu wa kumpigia kelele. Tutainuana mpaka lini?

Ninachotaka ni kila mtu ashughulike na maji yake ndani ya ua wake kwanza. Na haihitaji mamilioni. Unachimba mfereji mpana wa nyasi, si handaki. Kina cha futi moja kinatosha ua wa kawaida, kingo zilale, yaani kwa kila futi moja ya kushuka uende futi tatu pembeni, mtoto aweze kupita bila kuvunjika mguu. Udongo unaotoka unaupanga tuta upande wa chini. Ukiukata kukingama na mteremko, maji yanatulia na kuzama. Ukitaka yasogee, uupe mteremko mdogo, sentimita moja au mbili kwa kila mita. Fundi yeyote mwenye mpira wa levo, ule wa kujaza maji na kupimia usawa, anakupimia asubuhi moja. Usiuache tupu, panda ukoka, la sivyo mvua ya kwanza itaondoka na udongo wako. Mwisho wake uweke mawe, maji yatoke yakiwa yamechoka. Na uwe mbali na msingi wa nyumba, mita tatu hivi.

Watu wa mbu nawaona mnakuja. Mbu anahitaji wiki moja hivi kutoka yai mpaka kuruka, na mfereji uliochimbwa vizuri unakauka ndani ya siku mbili. Yule wa dengi na chikungunya anapenda zaidi yale matairi na ndoo mlizoziacha nyuma ya nyumba. Yaondoeni hayo kwanza.

Ila udongo wetu haufanani. Kabla hujalipa mtu, chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yakishanywewa lijaze tena, ndipo uangalie. Yakiwa bado yamo kesho yake, kama inavyotokea kwenye mfinyanzi wa kule Mikindani, usiyategemee kuzama, yatafutie njia ya kutokea. Na nyinyi wa Nyali na Bamburi, mliokalia jiwe la matumbawe, acheni kuchimba mashimo marefu mpaka kwenye jiwe ati maji yapotee. Hayapotei! Yale mawe yana nyufa, maji machafu yanapita bila kuchujwa na kuingia kwenye visima, na visima ndivyo tunavyotumia mabomba yakikauka. Shimo la choo la mmoja likifurika, kipindupindu hakiulizi ukuta ni wa nani.

Ruhusa ya ujenzi inatakiwa kisheria, ipo sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Nimekwenda ofisi inayohusika, nimeambiwa afisa yuko nje, nirudi. Nimerudi, afisa yuko nje. Huyo afisa kama yuko nje kweli, basi angeshaona maji.

Ninachouliza: nani hapa amewahi kumlazimisha jirani azibe matundu ya ukuta, kupitia mzee wa mtaa, chifu au mahakamani? Ilichukua muda gani? Na kuchimba na kupanda ukoka, mafundi wanatoza vipi kwa mita siku hizi? Tafadhali msiniambie nihame. Nyumba hii aliijenga babu yangu kabla ya hizo kabro kuingia Mombasa.