Naomba ushauri: bakapu za Btrfs kwenda kwenye NAS yenye ext4

Wakuu, habari za majukumu. Nina seva ya ofisi inayotumia Debian, data yote iko kwenye mfumo wa mafaili wa Btrfs: mafaili ya wateja, picha, na database ya PostgreSQL. Programu ya Snapper inapiga snapshoti (nakala ya hali ya data kwa wakati huo) kila saa, na faili likifutwa kulirudisha ni kulinakili tu. Tatizo, snapshoti zinakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, na zenyewe zimekwenda.

Nataka matoleo hayo yafike pia kwenye NAS (kifaa cha kuhifadhi data kupitia mtandao) iliyoko chumba kingine. Ningetumia btrfs send, ambayo ukiipa -p na snapshoti ya awali inatuma mabadiliko tu, lakini btrfs receive, inayopokea, inadai Btrfs upande wa pili na NAS yetu ni ext4, mfumo mwingine wa mafaili. Kuhifadhi mkondo wa send kama faili inawezekana ila siipendi kabisa: faili moja la katikati likiharibika, yanayolifuata hayarudi.

Ninaegemea rsync (programu ya kunakili mafaili) na --link-dest kupitia SSH (muunganisho uliosimbwa), isome kutoka snapshoti ili mafaili yasibadilike kazi ikiendelea. Faili lisilobadilika linaunganishwa na nakala ya awali bila kula nafasi. Lakini faili kubwa likiguswa kidogo tu, linahifadhiwa upya lote.

Mliotumia programu za bakapu za Restic au Borg kwa hali kama hii, kurudisha data nyingi kunakwendaje? Na kwa PostgreSQL, WAL (rekodi yake ya mabadiliko) ikiwa ndani ya snapshoti ileile na data, mnaitegemea snapshoti hiyo peke yake au bado mnapiga pg_dump (kutoa database kama faili) kwanza?