Naombeni ushauri: kidimbwi cha vyura kisichotaka kuhangaikiwa

Mleta uzi
Habari wakuu. Nyuma ya nyumba nina kieneo cha kama mita mbili kwa tatu, nataka nichimbe kidimbwi ili vyura waje. Sio samaki wala bata, vyura tu. Wananipunguzia wadudu bustanini, na kusema kweli napenda kuwasikia usiku. Ila kazi inanibana, sitaki kitu cha kusafisha kila wiki. Jirani anasisitiza pampu na chujio. Ni lazima? Na mbu je? Mwenzangu ameshatangaza kwamba mbu wakizidi, kidimbwi kinafukiwa.

Jembe Butu
Pampu achana nayo mkuu. Vyura wengi wanazaliana kwenye maji yaliyotulia, na pampu inafyonza viluwiluwi. Hangaika na umbo la shimo. Upande mmoja uteremke polepole, maji yaanze na kina cha vidole viwili, katikati yafike sentimita 50 hivi. Ukichimba kuta wima kama ndoo, kichura kilichoota miguu juzi kinahangaika ukingoni mpaka kinachoka na kufa maji. Kama umeshachimba hivyo, panga mawe yapande hadi juu. Tandika turubai zito la bwawa, chini yake mchanga au zulia chakavu lisitobolewe.

Baba Wawili
Mbu wasikusumbue kichwa, tupia samaki wadogo watano. Kwisha habari.

Bi Kereng'ende
Hapo nakupinga kaka. Samaki watakula viluwiluwi wa mbu, kisha watahamia kwenye mayai ya vyura na watoto wao. Mleta uzi kaomba vyura!

Kereng'ende na mende wa majini huja wenyewe, na watoto wao wanawala viluwiluwi wa mbu. (Watachukua na watoto wa vyura wachache, ndiyo maisha ya bwawani.) Wakati unawasubiri, tumia Bti, bakteria wanaouzwa kama vidonge au chembechembe. Wanaua viluwiluwi wa mbu na jamaa zao wa karibu, vyura hawadhuriki. Mafuta ya taa na dawa za kupulizia, hapana kabisa, hata kwenye mboga zilizo karibu na maji. Chura anapitisha maji na hewa kwenye ngozi, sumu nayo inapita humo humo.

Halafu usibebe vyura wala mayai kutoka kwingine. Kuna kuvu wa ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa na wanasayansi 1999, ambaye ameshafuta spishi kadhaa duniani. Waache waje kwa miguu yao, hata ikipita misimu miwili.

Mleta uzi
Asanteni sana, samaki nimefuta. Maji ya bomba yanafaa? Na yakigeuka kijani?

Jembe Butu
Ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke. Ila kama wanatia kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia), hiyo haitoki kwa kusubiri, utahitaji dawa ya kuiondoa.

Kijani mwanzoni ni kawaida. Kosa ni kumwaga maji yote, maana unarudi mwanzo. Usitie udongo wenye mbolea, panda mimea ya majini mpaka majani yafunike karibu nusu ya uso wa maji. Mwani wa nyuzinyuzi uzungushe kwenye kijiti, uuache ukingoni hadi kesho yake ili vijidudu vilivyonasa virudi majini. Majani yaliyooza punguza mara moja kwa mwaka, usikombe yote.

Mama Pacha
Mna watoto wadogo? Weka uzio kabla ya maji. Mtoto anazama hata kwenye kina cha kifundo cha mguu.

Mleta uzi
Wa kwetu wakubwa, ila wa jirani wanapita. Naweka uzio. La mwisho: kiangazi kikikausha?

Bi Kereng'ende
Kama hakuna viluwiluwi, acha kikauke, vyura wakubwa watajificha chini ya magogo na mawe. Kama wamo, ongeza maji kidogo kidogo mpaka waote miguu.